Pongo Aliyepita Nyuma ya Kamera

Naikumbuka siku moja ya masika, mwanangu, nilipopiga magoti kwenye matope chini ya kilima chetu, nimemshika mnyama kichwa, huku mjomba wangu akifungua waya iliyokuwa imemla mguu. Hiyo ndiyo siku niliyoanza kuwa mtu mzima, ingawa miaka nilikuwa nayo tayari.

Jumapili uliponiambia kwamba kikundi kinacholinda kile kichaka kimekuchagua wewe uwe mtundika kamera, nilikushika mkono nikakupongeza, kisha nikanyamaza. Mama yako alidhani sikufurahi. Nilifurahi sana. Nilinyamaza kwa sababu mtu wa kwanza kutundika kamera katika kichaka kile ni mimi baba yako, na sikuitundika kwa wema. Nimeona heri ulisikie neno hili kinywani mwangu kabla hujaletewa na wapita njia, maana jambo likipita midomo mingi hurudi limeota pembe.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimechimba dhahabu Osiri misimu miwili, nikishuka mashimoni na tochi kichwani, na nilichotoka nacho ni kikohozi. Huko ndiko nilikojuana na Dalmas. Dalmas aliwauzia wachimbaji nyama, kuanzia Osiri hadi Macalder. Juu ya meza aliweka ya mbuzi. Chini ya meza, ndani ya gunia, kulikuwa na ya porini, na kila aliyeitaka alijua namna ya kuulizia. Alikuwa mcheshi. Usidhani, mwanangu, kwamba mtu atakayekupoteza atakuja na uso wa kutisha.

Siku moja alitoa kwenye mkoba kitu kama redio ndogo, chenye rangi ya majani makavu na jicho la kioo katikati.

"Bro, hii ni kamera," akaniambia. "Unaifunga kwa mti, unaenda zako. Mnyama ikipita, inajipiga yenyewe. Mchana, usiku, haijali."

"Nani anaibonyeza?"

"Hakuna mtu. Ndiyo maana nakwambia hii kitu ni kali."

Alikuwa ameipata kwa mtu aliyeipata kwa mgeni. Huko inakotoka, alisema, wawindaji huzifunga msituni, wao wakakaa nyumbani wakinywa chai. Baadaye hutazama picha, wakajua dume kubwa la swala hupita wapi na saa ngapi, wakaenda kumngoja. Naye Dalmas alikuwa na wake aliyemtaka: pongo mzee wa kilima chetu.

Wewe umewaona pongo majike na watoto, wale swala wekundu wekundu wenye madoa meupe ubavuni. Dume likizeeka hugeuka rangi likawa kama kahawa iliyoungua, pembe zikajisokota kama kamba, na halitembei na kundi. Huyo wetu alisimuliwa zaidi kuliko alivyoonekana. Dalmas alikuwa na mnunuzi wa pembe zake, na mimi akaniahidi pikipiki. Sheria ilikataza kuwinda wakati ule kama inavyokataza leo, na sote wawili tulijua. Lakini mwenye tamaa akitazama sheria huiona kama ua wa miba: haulizi kwa nini uko pale, anatafuta tu penye tundu.

Nikaenda kwanza kwa mjomba Odero, ndugu ya mama yangu, aliyekuwa na boma lake upande wa pili wa kilima. Ujanani mwake mjomba aliwinda kwa mbwa na mkuki. Alipobatizwa akawa Msabato, aliacha kabisa, ila macho yake hayakubatizwa. Bado alisoma ardhi kama ninyi mnavyosoma simu.

"Nera," nikamwambia, ndivyo sisi tunavyomwita mjomba, "yule pongo mzee hunywa maji wapi?"

"Unamtakia nini?"

"Nataka kumwona tu."

Alinitazama mpaka nikaanza kujikuna. "Mtu akitaka kumwona mnyama hauliziulizi njia yake," akasema. Niliondoka nikimwona mchoyo wa maarifa. Asiyesikia la mkuu, wahenga wameshasema kinachomvunjika.

Nikajitafutia mwenyewe. Penye chemchemi, pale kina mama wanapochota maji siku hizi, kulikuwa na njia ya wanyama iliyopigwa hadi ikang'aa. Niliifunga kamera kwenye mgunga, kimo cha kifua cha pongo, ikatazama njia moja kwa moja. Nilijiona fundi. Kuanzia siku iliyofuata, kila asubuhi nilikwenda kutazama, kwa sababu ilikuwa na kioo kidogo cha kuonyesha picha.

Picha za kwanza zilinifurahisha sana. Jike mwenye sikio lililochanika alipita na mtoto wake. Mtoto akaisogelea kamera hadi tundu za pua zikajaa kioo kizima. Dume changa lenye vijipembe kama vidole lilirudi mara tatu kulamba mkanda. Ngedere walionyesha meno. Wanawake wawili walipita na madumu yao. Mzee naye nilimpata mara moja tu, siku ya pili: paja jeusi na mkia pembeni mwa picha, akiondoka. Basi. Wiki mbili zikapita, asionekane tena.

Nami nikazidi. Niliihamisha kamera mti huu, mti ule, kisha nikairudisha kwenye mgunga. Nilimwaga chumvi chini yake. Nilibadilisha betri ambazo hazijaisha. Ukaidi na bidii ni ndugu wanaofanana sura, mwanangu, na mwenye nao hawezi kuwatofautisha; nilijiita mtu wa bidii.

Dalmas ndiye aliyechoka kwanza. "Hiyo mnyama imehama, ama imekufa," akasema. "Achana na picha. Mwaga waya kila mahali. Ile itashikwa, ndiyo tutauza."

Akanipa waya zilizofumuliwa kutoka kwenye kamba ya chuma ya mgodini. Nilitengeneza vitanzi kumi na vinne nikavitega alasiri moja, huku na huku, bila kuweka alama hata moja. Lisilokuwapo machoni na moyoni halipo. Kwa kuwa kamera haikunionyesha yule mzee, niliamini hayupo. Na nilipoamini hayupo, kila kilichotembea kichakani kikawa nyama tu, chochote, cha yeyote.

Siku ya tatu mvua ya kwanza ikanyesha. Asubuhi yake nilipopanda nilisikia mlio ambao sikuwa nimewahi kuusikia, kama mbuzi anayelia ndani ya chungu. Nikakimbia. Mjomba Odero alikuwa amenitangulia. Mlio ulimfikia bomani kwake.

Alikuwa yule jike wa sikio lililochanika. Waya ilikuwa imemshika mguu wa nyuma juu ya kifundo, naye alikuwa ameizunguka na kuizunguka hadi nyasi zikageuka tope. Mtoto wake alisimama hatua kumi kutoka pale. Hakukimbia, hakusogea.

Mjomba hakuuliza waya ni ya nani. "Vua shati," akaniambia. "Mfunike macho, mshike kichwa. Usiseme naye."

Nilimshika. Moyo wake ulipiga chini ya mikono yangu kwa kasi ambayo sikujua moyo unaweza. Mjomba alikizungusha kitanzi kwa vidole vyake vya uzee, polepole, hadi kikalegea. Tulipomwachia alilala kidogo, kisha akasimama kwa miguu mitatu akaingia majanini, na mtoto nyuma yake. Ningependa kukuambia kwamba alipona. Sijui kama alipona, na sitaki kukupambia.

Ndipo mjomba alipoiona kamera mtini. "Kumbe hiki ndicho kijicho chekundu nilichokiona nikipita alfajiri kutafuta ng'ombe," akasema. "Kinafanya nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, maana baada ya kumshika yule mnyama kichwa sikuwa na nguvu ya kutunga uongo.

"Lete nione."

Tukakaa juu ya jiwe. Nikawa nabonyeza, yeye anatazama. Baada ya picha kadhaa akaweka kidole kwenye kioo.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Na huyu?"

"Ni mimi, nera."

Nilikuwa nimeinama, nimechuchumaa, nimefuta kioo kwa kiganja, nimebeba waya begani. Wanyama wote wa chemchemi ile wakijumlishwa, hawakufikia picha zangu. Nilikuwa nimeziruka kila siku bila kuziangalia.

"Okewa," akasema. Okewa ni mtoto wa dada, na hakuwa ameniita hivyo tangu nilipoanza kunyoa ndevu. "Umekuja kumpeleleza mnyama, na anayepelelezwa ni wewe."

"Lakini mzee hayupo," nikajitetea. "Siku kumi na saba hajapita hapa."

Akainuka, akanishika mkono kama ananivusha mto, akanipeleka nyuma ya ule mgunga, hatua ishirini hivi, upande ambao upepo ulikuwa ukienda. Mvua ilikuwa imelainisha udongo. Akanionyesha alama za kwato: kubwa kuliko za wengine, ncha zimechakaa kwa umri, na ya mbele kulia ina pengo kama jino lililong'oka. Zilishuka kutoka kilimani, zikasimama mahali pamoja hadi zikazama, kisha zikageuka kando, zikaenda kunywa chini, penye matete, maji yanapovujia. Zilikuwepo za asubuhi ile. Na chini yake, katika tope lililokwisha kukauka kabla ya mvua, zilikuwepo za zamani, nyingi, zimepita palepale.

"Hapa husimama akanusa," mjomba akasema. "Kila asubuhi unaacha jasho lako kwenye ule mti, na sabuni, na mafuta ya taa. Kile kijicho nacho huwaka, na kikipiga hulia kidogo. Nimekisikia mimi mwenye masikio ya binadamu. Watoto wao huona ni mchezo, wanakwenda kulamba. Huyu amefika umri huu kwa kuwa kila kilicho kigeni kwake ni adui mpaka kijulikane. Siku zote kumi na saba amekuona. Wewe hujamwona hata moja."

Nilisimama pale bila shati, mvua ikianza tena, na aibu niliyosikia haikuwa ya kukosa pikipiki.

"Waya ni ngapi?" akauliza.

"Kumi na nne."

"Ziko wapi?"

Nikaanza kuhesabu miti kwa vidole. Nyingine nilizikumbuka, nyingine sikuzikumbuka. Nilitegemea atanifokea. Angenifokea ingekuwa nafuu.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema. "Ni kweli. Lakini aliyeyamwaga haendi kulala. Huchukua mtungi akarudi kisimani. Mimi na wewe hatuna kazi nyingine mpaka zitimie kumi na nne."

Ilikuwa Jumanne. Siku hiyo tuliondoa saba, pamoja na ile iliyomshika jike. Jumatano tukapata tatu. Alhamisi mbili. Mjomba alikuwa na goti bovu, lakini kila nilipomwomba apumzike aliniuliza, "Zimetimia?" na tukaendelea.

Alhamisi hiyo jioni Dalmas alikuja hadi kwenye lango la mjomba. Alikuwa amesikia kwamba tunategua waya. "Rudisha kamera yangu," akasema. "Na usijaribu kuniletea shida. Kumbuka kwenye hiyo kadi ya picha ni wewe uko na waya. Mimi siko."

Alisema kweli. Mpaka wa Tanzania hauko mbali na kwetu. Wengi wenye kesi wameuvuka wakawa watu wengine. Au ningeitupa kadi kwenye maji, hadithi ikaisha. Nilimwangalia mjomba anisaidie.

"Woga ni wako na uamuzi ni wako," akasema, akaingia ndani. "Mimi nina waya mbili za kutafuta kesho."

Niliifuata kamera uani kwa mjomba, nilikokuwa nimeiweka tangu Jumanne. Kisha nikatoa kadi ndani ya kamera, nikaitia mfukoni, nikampa Dalmas kamera yake tupu. "Kadi nitaipeleka kwa chifu mwenyewe," nikamwambia, "na akiniuliza kamera ni ya nani, nitasema." Alianza kucheka. Akanitazama usoni, akaacha.

Ijumaa tukazunguka tangu asubuhi, tusipate kitu. Nilipita njia zilezile hadi nikaanza kuziota macho yakiwa wazi. Watoto walikuwa wakiingia kichaka kile kutafuta matunda, na kina mama kuokota kuni, na kila sauti ya mtu niliyoisikia niliisikiliza kama ni kilio. Alasiri mjomba akatazama jua. Nilijua anachowaza: likizama, Sabato inaanza, na hajawahi kuivunja tangu abatizwe.

"Kwa kumbukumbu yako tumeshindwa," akasema. "Tumwulize mwenye nyumba."

Sikumwelewa mpaka nilipomwona anashuka penye matete, anainama kwenye ile kwato yenye pengo, anaanza kuifuata kupanda nayo kilimani. Tulimfuata yule mzee kwa nyayo zake. Alikuwa ametembea katikati ya njia yake bila wasiwasi, kama mtu anayerudi kwake. Halafu, mahali ambapo mimi sikuona lolote, nyayo zikasimama. Zikatoka kushoto, zikazunguka kichaka kizima, zikarudi njiani mbele yake.

Mjomba aliniwekea mkono kifuani. Kwa ncha ya fimbo akatenganisha majani. Waya ya kumi na tatu.

Tukaendelea. Karibu na ukingo wa juu, ambapo unaweza kuliona ziwa, nyayo zilifanya vilevile, ila safari hii zilikwepa mbali zaidi. Na pale katikati, penye njia ya kina mama wa kuni, kitanzi kilikuwa kinaning'inia kimo cha shingo ya mtoto mdogo. Nilikifungua mimi. Nilirudia mara tatu kabla hakijalegea.

Fikiria, mwanangu. Mimi niliyezitega nilisahau nilikozitega. Yule mnyama niliyekuwa nikimwinda ndiye aliyekuwa akizikumbuka zote, kila siku, kwa pua yake. Hatukumwona hata ukucha. Mjomba alihesabu waya gunia likiwa wazi, akafunga kwa kamba, akasema tu, "Twende. Sabato inaingia."

Jumatatu nilibeba gunia na kadi nikaenda kwa chifu. Sikuachiliwa hivi hivi, na sikustahili. Nilipelekwa kortini, nikakubali kosa, nikahukumiwa kazi za jamii: nilifyeka nyasi na kubeba mawe kwenye zahanati hadi mvua za mwaka uliofuata. Dalmas nilimtaja, lakini walipomtafuta meza yake ilikuwa imeshafungwa na hakuna aliyejua alikoelekea. Kwa hiyo nilifyeka peke yangu, watu wakipita wakiniita Kamera. Wenzangu wananiita hivyo hadi leo sokoni. Uliniuliza ukiwa mdogo kwa nini, nikakuambia nilipenda picha. Nisamehe kwa hilo.

Sasa sikia ninachotaka uende nacho. Wewe unaibeba kamera kwa wema, lakini mnyama hajui nia yako. Anajua jasho lako. Usiifunge usoni mwake kama nilivyofanya. Ipandishe juu ya kimo cha macho yake, uiinamishe itazame chini, na uiweke kando ya njia. Ukiiweka, iache. Usiende kila siku kwa kiherehere. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nenda baada ya majuma, mchana, upepo ukiwa usoni pako, na mikono isiyonuka sabuni. Watoto watakujia mapema, nawe utafurahi. Usilewe furaha hiyo. Waliokomaa watachelewa, na wengine hawatakuja kamwe, na siku wakubwa wako watakapokuuliza kama wapo, usiwaambie hawapo kwa sababu tu kioo ni kitupu. Shuka, uinamie ardhi, uulize.

Na kwa watu ni vivyo hivyo. Mtu mzima aliyeumizwa hatakuja mbele ya jicho lako kwa kuwa wewe una haraka. Atakuzunguka, akunuse, akujue kwanza. Usimwite mwenye kiburi.

La mwisho ndilo zito. Ukikosea, na utakosea, usitafute maneno kabla hujatafuta waya zako. Msamaha wa mdomo hauondoi kitanzi njiani. Hesabu vitanzi ulivyotega, uvirudie kimoja kimoja, hata goti likiuma, hata mwenzako akikutishia, hata kama cha mwisho umekisahau. Muulize uliyemkosea, yeye anakumbuka kilipo. Usitosheke na kumi na tatu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe hatua nyepesi na subira ndefu. Akujalie watu wa kukuuliza bila kukufokea. Walio kichakani wakujue wasikukimbie, na walio nyumbani wakuamini wasikuchunge. Na siku utakayokuwa umetega kibaya, akubakizie jua la kutosha kukitegua.